Ziwa Victoria halina samaki wa kuandikwa "wengineo"

Mhariri,

Mwaka wa 1979 niliajiriwa kuwa karani wa mizani katika ufuo mmoja karibu na Kisumu, na kwa miaka mingi kazi yangu ya kila asubuhi ilikuwa kupima samaki walioshushwa kutoka mitumbwini na kuandika uzito wao katika daftari. Daftari hilo lilikuwa na safu chache tu. Safu za mwanzo zilikuwa za samaki wenye bei, na kila mmoja wao aliandikwa kwa jina lake. Safu ya mwisho, iliyobanwa kwenye ukingo wa ukurasa, ilikuwa na kichwa kimoja: "wengineo". Humo ndimo nilimojumlisha kila samaki ambaye hakuna mnunuzi mkubwa aliyemuulizia, na nilipokuwa kijana sikuona ubaya wowote katika jambo hilo. Leo naliona kuwa kosa kubwa kuliko yote niliyoyafanya kazini, ndiyo maana naomba nafasi katika gazeti lako.

Kinachonisukuma kuandika ni mazungumzo yanayorudi kila mwaka, hasa inapokaribia Aprili na uvuvi wa omena, yaani dagaa wa ziwani, kufungwa. Redioni na katika mabaraza husikika sauti zinazodai mbuta, yaani sangara, alindwe kwa nguvu zote kwa kuwa ndiye anayeleta fedha za kigeni. Wengine hutaka vifaranga wa ngege, yaani perege, wamwagwe ziwani kwa mamilioni, na wengine hutaka gugu maji lifyekwe lote lisionekane tena katika Ghuba ya Winam, upande wetu wa ziwa. Kila pendekezo lina hoja zake na sipendi kumbeza yeyote, kwa sababu wanaosema hivyo wengi wao ni watu wanaokula kwa jasho la ziwa. Hata hivyo, mapendekezo yote yanamtaja kiumbe mmoja kana kwamba anaishi peke yake majini, na ziwa letu limeshalipia fikira hiyo mara moja kwa gharama ambayo mpaka sasa haijamalizika.

Waliojaa katika ile safu yangu ya mwisho walikuwa fulu. Vijana wa Kisumu wa leo wengi hawawajui, na kwa hiyo nieleze. Ni samaki wadogo, wengi wao wasiozidi urefu wa kiganja, wenye miiba mingi na rangi za kupendeza, hasa madume. Mama yangu alikuwa akiwapasua tumboni kwa ukucha wa kidole gumba, akiwaosha katika sufuria, kisha akiwatandaza juu ya mkeka wa mafunjo nyuma ya nyumba. Jua la siku mbili tatu lilitosha kuwakausha, nasi tuliwala na ugali wa mtama hadi msimu mwingine. Kwa macho yetu wote walikuwa fulu tu. Wataalamu waliokuja kuwachunguza kwa makini walikadiria kwamba ziwani mlikuwa na aina zao zipatazo 500, na karibu zote haziishi mahali pengine popote duniani. Walikuwamo waliokwangua mwani kwenye mawe, waliokula mabaki yanayooza katika tope la chini, waliovunja magamba ya konokono kwa meno yao mapana, waliokula viluwiluwi vya wadudu, waliochuja vijidudu vinavyoelea majini, na hata walioishi kwa kunyang'anya mayai na watoto vinywani mwa fulu wenzao. Kila kazi ya ziwa, ya kusafisha, ya kupunguza na ya kulisha, ilikuwa na fulu wake, na mimi nikawaandika wote kwa neno moja.

Sikuwa peke yangu. Dharau hiyo ndiyo iliyomleta mbuta. Mwanzoni mwa karne iliyopita samaki wa thamani katika ghuba yetu alikuwa ngege wa asili, na nyavu za kisasa zilipoingia alianza kupungua upesi. Serikali ya kikoloni ikamtuma Mwingereza Michael Graham kulichunguza ziwa mwaka wa 1927 na 1928, naye katika ripoti yake ya 1929 akashauri nyavu ziwe na macho yasiyopungua inchi 5. Katika ripoti hiyohiyo alionya kwamba kuleta samaki mkubwa mla samaki kutoka kwingine lingekuwa jambo la hatari kubwa, isipokuwa pakitangulia uchunguzi mpana wa matokeo yake. Maafisa waliofuata waliutazama wingi wa fulu, wakawaona ni samaki ovyo, miiba mitupu, wakafikiri ingefaa aletwe samaki mkubwa awale na kuwageuza kuwa minofu inayouzika. Mwaka wa 1960 mtaalamu mwingine, Geoffrey Fryer, aliandika kupinga mpango huo. Maonyo hayo hayakuzuia kitu, maana kufikia mapema miaka ya 1960 mbuta alikuwa ameshatiwa katika Ziwa Victoria, na aina kadhaa za ngege wa kigeni zilikuwa zimetiwa katika miaka ya 1950.

Kwa karibu miaka ishirini hakuna kikubwa kilichoonekana. Mimi nilipoanza kazi, mbuta alikuwa samaki wa kushangaliwa; akiletwa mmoja, watoto walikimbia kumtazama. Kisha, mapema miaka ya 1980, daftari likageuka mikononi mwangu. Mtumbwi uliozoea kuleta fulu kwa debe ukaleta nusu debe, halafu beseni, halafu wachache wa kutupiwa paka, huku safu ya mbuta ikihitaji tarakimu ambazo ukurasa haukuwa umeziachia nafasi. Sababu yake inaeleweka mtu akitazama jinsi kila mmoja anavyozaa. Mbuta jike aliyekomaa hutaga mayai kwa mamilioni na kuyaacha majini. Fulu jike hutaga machache, akayaatamia kinywani mwake bila kula, na hata watoto wakianguliwa huwaruhusu kurudi kinywani wanapoona hatari. Ni mama mwangalifu kuliko wote ziwani, lakini uangalifu huo haukuwa na maana mbele ya adui anayemmeza yeye na alichokibeba kwa pamoja. Kati ya aina zile 500, zipatazo 200 zinahesabiwa kuwa zimetoweka au zimebaki ukingoni mwa kutoweka.

Nakumbuka matumbo ya mbuta tuliyokuwa tukiyapasua kando ya mizani. Mwanzoni yalijaa fulu, wengine wakiwa wazima bado, rangi zao hazijafifia. Miaka michache baadaye kisu kilipopita tumboni kilitoa uji wa rangi ya waridi, yaani uduvi wadogo wa ziwani kwa maelfu, na katikati ya uji huo mbuta wachanga wa urefu wa kidole. Alikuwa amewamaliza wa kuliwa, sasa anakula uduvi na wanawe mwenyewe. Nilikiona hicho kwa macho yangu mara nyingi, na wachunguzi wa ziwa wakaandika habari hiyohiyo katika nchi zote tatu za ziwa, Kenya, Uganda na Tanzania.

Mambo hayakuishia majini. Yule ndege mweusi kwa mweupe tunayemwita mdiria, anayesimama angani akipiga mabawa mahali pamoja kabla ya kujitupa majini, alikuwa akiishi kwa fulu. Upande wa Mwanza watafiti waliochunguza mabaki ya chakula chake waligundua kwamba fulu walipotoweka alihamia kwa omena, na kwa kuwa omena ni mwembamba zaidi, ilimbidi akamate samaki wengi zaidi kwa siku ili ashibe. Omena naye aliongezeka sana, kwa kuwa fulu waliokuwa wakigombea naye chakula walikuwa wameondoka. Nchi kavu nako, fulu alikaushwa kwa jua lisilogharimu chochote, ilhali mbuta ana mafuta mengi na hakaushiki hivyo, hivyo wanawake walihitaji kumbanika kwa moshi au kumkaanga, na miti ya vijiji vya kando ya ziwa ikawa inakatwa kwa ajili ya tanuri. Afisa aliyependekeza mbuta awekwe ziwani alikuwa anafikiria kilo za nyama. Hakuna aliyemwambia kwamba uamuzi wake ungefika hadi kwenye mti wa kivuli wa mjane wa Nyakach na kwenye mdomo wa ndege.

Haki inanitaka niseme pia yaliyo upande wa pili. Mbuta hakulibadili ziwa peke yake. Udongo kutoka mashambani, mbolea na maji taka ya miji yamekuwa yakiingia kupitia Nzoia, Yala, Nyando na Sondu kwa miaka mingi, na rutuba hiyo ndiyo inayolisha mwani unaoyafanya maji kuwa ya kijani. Mwani huo ukifa huzama, na ukioza hutumia hewa iliyomo katika maji ya chini, kiasi kwamba samaki wa kilindini hawawezi kupumua. Fulu wa kilindini walikuwa wamebanwa kutoka pande mbili: chini hakuna hewa, juu kuna mbuta. Isitoshe, wale waliokuwa wakila mwani na mabaki walikuwa wameliwa, kwa hiyo ziwa lilipoteza wafagizi wake wakati takataka zinaongezeka. Wataalamu bado wanabishana juu ya lipi lilitangulia, nami si wa kuwaamulia.

Na wala mimi si adui wa mbuta. Watoto wangu wanne wamesoma kwa mshahara uliotokana na ushuru wake. Viwanda vya kukata minofu Kisumu viliajiri watu wengi, na hata mifupa yake, mgongo wazi, ililisha mitaa ambayo haikuwa na uwezo wa kununua mnofu. Mbuta yumo, hatatoka, na mamilioni ya watu katika Kenya, Uganda na Tanzania wanamtegemea. Kwa sababu hiyohiyo kanuni zinazomhusu zinapaswa kutungwa na mtu anayeuliza kila mara: je, huyu akiongezeka au akipungua, nani mwingine anaguswa?

Chukua kanuni ya urefu, ambayo nchi tatu zilikubaliana kwamba mbuta anayevuliwa awe kati ya sentimita 50 na 85. Wengi huiona kama kanuni ya kumpa mdogo nafasi ya kukua na mkubwa nafasi ya kuzaa, na hivyo ndivyo ilivyo, nami naiunga mkono. Lakini ni kanuni ya chakula pia. Mbuta mchanga hula zaidi uduvi na wadudu wa majini, na kadiri anavyokua ndivyo anavyogeukia samaki. Ukiwaachia wachanga wakawa wengi, unaamua uduvi waliwe zaidi. Ukiwaachia wale wakubwa waliopita sentimita 85, unaamua fulu, omena na mbuta wachanga waliwe zaidi. Anayeweka rula juu ya samaki huyu anaiweka juu ya viumbe wengine wengi bila kuwataja. Ushahidi upo: mbuta alipovuliwa kupita kiasi katika miaka ya 1990 na idadi yake ikashuka, baadhi ya fulu walionekana tena, hasa wale wala vijidudu vinavyoelea, na katika Ghuba ya Mwanza kurudi kwao kulifuatiliwa kwa karibu. Hawakurudi wote, na wengine waliorudi wamebadilika maumbile na chakula. Hakuna aliyepanga warudi. Wavuvi waliokuwa wakivunja sheria na kuwafuata mbuta wadogo ndio waliowafungulia fulu mlango bila kujua. Sasa tukifanikiwa kumrudisha mbuta kwa wingi, kama tunavyotaka, wale fulu wachache waliojikusanya watakuwa wapi? Swali hilo sijalisikia likiulizwa katika kikao chochote cha ufuo nilichohudhuria, na nimehudhuria vingi.

Juu ya kufungwa kwa omena kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai nitasema kwa ufupi. Najua shida inayowapata akina mama wanaouza kwa gorogoro, na najua bei inavyopanda. Lakini wavu wa macho madogo unaomkamata omena hauchagui. Ukivutwa karibu na ufuo hutoka na mbuta wa ukubwa wa kidole, ngege wachanga na fulu wenye mayai kinywani, na wote hao humwagwa pamoja juani. Miezi hiyo minne ya kupumzisha nyavu ni kinga yao pia, na ningependa wanaoitetea kanuni waseme hivyo waziwazi badala ya kumtaja omena pekee, maana wanapoulizwa na mvuvi "omena wapo tele, mbona mnafunga?" hukosa jibu.

Gugu maji ndilo linaloonyesha vizuri zaidi jinsi mambo haya yalivyofungamana. Lilipoifunika ghuba yetu mwishoni mwa miaka ya 1990, mitumbwi ilikwama, meli zilikwama, na mabomba ya maji yakaziba. Nililichukia kama kila mtu. Waliletwa aina mbili za fukusi kutoka jamii ya wadudu wanaolila huko lilikotoka, Amerika Kusini, wakafugwa na kuachiliwa, na baada ya muda gugu lilipungua sana, ingawa limekuwa likirudi kila rutuba na mvua zinapolipa nguvu. Lakini daftari langu la miaka ile lilikuwa na jambo ambalo hakuna aliyekuja kuliulizia. Chini ya gugu maji hukosa hewa, na mbuta, anayehitaji hewa nyingi, alikimbilia mbali. Kamongo, mwenye mapafu, na mumi, yaani kambare, anayeweza kuvuta hewa ya juu, wakaongezeka katika samaki walioshushwa, kiasi kwamba wazee waliokuwa wamesahau ladha ya kamongo waliila tena. Ndani ya mizizi ile walijificha hata fulu. Simaanishi kwamba gugu liachwe. Linaua maji na linaua kazi. Namaanisha kwamba anayeliondoa anaondoa pia maficho, na kama hajui ni nani aliyejificha hapo, ataona samaki wanapungua baada ya kazi nzuri na hataelewa sababu. Tena namna ya kuliondoa ina uzito wake, kwa maana gugu likifia majini kwa wingi huzama, likaoza, na kuimaliza hewa ileile tunayotaka kuiokoa. Kulivuta hadi nchi kavu kunachosha na kuna gharama, lakini huitoa nje ya ziwa rutuba iliyofyonzwa na mmea.

Maficho ya kudumu, yasiyo na hasara ya gugu, tunayo tayari na tunayafyeka. Ninasema juu ya mafunjo. Msitu wa mafunjo unaozunguka vinamasi vyetu una maji yenye hewa kidogo, na hivyo ni ukuta ambao mbuta haupiti kwa urahisi. Nyuma ya ukuta huo, katika Ziwa Kanyaboli ndani ya kinamasi cha Yala, Kaunti ya Siaya, ndimo alimobaki ngege wa asili baada ya kutoweka katika ziwa kubwa, pamoja na fulu wa aina ambazo hatuwaoni tena huku. Nilipelekwa huko na mpwa wangu miaka kadhaa iliyopita, tukapanda mtumbwi mwembamba, na mvuvi mmoja akaniwekea mkononi samaki wa rangi ya kijivu yenye wekundu hafifu chini ya shingo. Nilimtambua kabla hajaniambia. Huyo ndiye ngege aliyekuwa mezani kwa baba yangu, na mara ya mwisho nilikuwa kijana nilipomshika. Kila ekari ya mafunjo inayochomwa au kulimwa pale inahesabiwa kuwa suala la ardhi na kilimo, na haifiki kamwe katika meza ya uvuvi, ilhali hakuna hatua ya uvuvi iliyomsaidia ngege wa asili kuliko kuwapo kwa mafunjo hayo.

Hapo ndipo ninapokuwa na shaka kubwa na wito wa kumwaga vifaranga wa ngege ziwani. Ngege yupi? Jina lilibaki, samaki akabadilika. Anayeuzwa leo kwa jina la ngege katika vibanda vya Kisumu karibu kila mara ni yule mgeni wa miaka ya 1950, ambaye wavuvi humwita pia nyamami, na ndiye anayefugwa katika vidimbwi na vizimba. Ni samaki mzuri wa kufuga, anakua haraka. Lakini huzaliana na jamaa zake wa asili wakapatikana chotara, na akitiwa mahali ambapo wa asili wamebaki wachache, baada ya vizazi kadhaa wa asili huwa wamemezwa bila hata kuliwa. Atakayepeleka vifaranga hao Kanyaboli kwa nia njema ya kuwasaidia wavuvi wa Siaya atakamilisha kile ambacho mbuta na nyavu hazikukimaliza.

Wasomaji wa Nakuru wasidhani habari hii ni ya watu wa ziwa kubwa pekee. Kwao, kuanzia miaka ya 1950, samaki mdogo kutoka Ziwa Magadi, anayevumilia maji ya magadi, alipelekwa Ziwa Nakuru ili ale viluwiluwi vya mbu. Alistawi, na kwa sababu yake wakaja mwari na ndege wengine wala samaki kwa maelfu katika ziwa ambalo kabla ya hapo halikuwa na samaki, ziwa la heroe na mwani wake. Binti yangu anaishi huko, na nilipomtembelea nilisimama ukingoni nikawatazama mwari wakivua kwa safu, mdomo kwa mdomo, ni mandhari ya kuburudisha moyo. Hata hivyo aliyekuwa anawaza mbu hakuwa amewaza mwari, na kwamba matokeo yalipendeza ni bahati. Huku kwetu bahati hiyo haikuwepo.

Ninachoomba, Mhariri, ni kitu kinachowezekana hata kesho asubuhi. Kamati za usimamizi wa fuo zinaandika takwimu za samaki kila siku, na takwimu hizo ndizo zinazopanda hadi kaunti, hadi taifa, na hadi katika Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria kule Jinja, ambako nchi tatu huafikiana. Ziandikwe kwa majina. Fulu wapewe safu yao, na kama karani hawezi kuwatofautisha, awatenge angalau kwa mahali walipovuliwa: kwenye mawe, kwenye matope, au chini ya gugu. Ningu apewe safu yake, maana alikuwa akipanda mito wakati wa mvua kwenda kuzaa na sasa nyavu humsubiri mlangoni. Seu na okoko, ambao ni jamii ya kambare, na kamongo wapewe zao. Uduvi hawapimwi kabisa, nao ndio wanaolisha mbuta wachanga wote. Wapimwe na watafiti angalau mara mbili kwa mwaka. Kisha kabla ya kupitisha kanuni yoyote inayomhusu samaki mmoja, au kumwaga vifaranga, au kuondoa gugu katika hori fulani, wahusika waweke mezani safu hizo zote na kuandika wanatarajia nini kitokee kwa kila mmoja, ili baada ya miaka miwili au mitatu tuweze kuwauliza. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya ziwa hili, na samaki hawajui mpaka. Kwa hiyo hesabu ya aina hii haitakuwa na nguvu mpaka wenzetu wa Uganda na Tanzania waifanye kwa namna moja nasi. Hilo halituzuii kuanza.

Mwezi uliopita nilikwenda kwenye ufuo wangu wa zamani. Karani wa sasa ni kijana mstaarabu aliyenipisha kiti chake. Mwanamke mmoja akaleta beseni la samaki wadogo waliotoka kwenye mawe, madume mawili yakiwa na mapezi mekundu na madoa ya manjano karibu na mkia, ambayo sikuwa nimeyaona kwa muda mrefu sana. Kijana akaweka beseni juu ya mizani, akasoma uzito, akafungua daftari, na kalamu yake ikaenda moja kwa moja hadi kwenye ukingo wa ukurasa. Nikamwomba asubiri. Tukachora mstari pamoja kwa rula, nikamwandikia juu yake: fulu wa mawe.

Karani mstaafu wa mizani,
Kisumu